Denis Burkitt: munganga wa jicho moja aliyefuata kansere ya taya kwa ramani

Mara nyingi mama anaona kwanza jino. Mutoto wa miaka 5 ao 6, mwenye alikuwa anacheza na wenzake wiki iliyopita, leo jino lake la nyuma linatikisika bila kuanguka wala kupigwa. Siku chache baadaye shavu linaanza kuvimba. Bibi anasema ni jino limeoza. Jirani anasema ni karuho, kuna mutu alimuwekea mutoto kitu katika chakula. Jino linang'olewa, lakini uvimbe haupungui. Unazidi, la pili linaanza kucheza, jicho linasukumwa inje, na kila asubuhi uso wa mutoto si ule wa jana. Ni kweli, si macho ya mama yanadanganya: katika kansere zote za binadamu zenye zinajulikana, hii ndiyo inakomaa mbio kuliko zote. Chembe zake zinaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa siku moja ao mbili tu.

Ugonjwa huo waganga wanauita limfoma ya Burkitt. Burkitt ni jina la mutu. Alikuwa mwana wa Ireland, aliishi Uganda miaka 20, na alikufa mwaka 1993. Mimi nimeona vema tusimulie maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, ile ramani aliyochora inapita hapa mulangoni kwetu, kandokando ya ziwa Tanganyika. Ya pili, yeye na wenzake walifundisha dunia jambo ambalo wengi hawakuliamini: kwamba kuna kansere ambayo kisu kinashindwa, mionzi inashindwa, na dawa ya sindano inaiponyesha. Tena, ikirudi, bado kuna jambo la kufanya.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28/2/1911 katika muji mudogo wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa injinia wa barabara na madaraja. Lakini furaha ya yule baba ilikuwa ndege. Aliwakamata ndege wadogo waliokuwa wanaingia katika shamba lake, akawavalisha pete ndogo za chuma muguuni, akawaachilia, kiisha akachora kwenye karatasi kila ndege anatawala wapi na mupaka wake unaishia wapi. Watu wa siku hizo hawakuwa wanafanya hivyo. Mutoto Denis alikua akiona baba anatafuta jibu la maswali yake kwa kuchora ramani. Shikeni neno hilo, litarudi.

Alipokuwa na miaka 11, makundi mawili ya vijana wa shule yalipigana kwa mawe. Jiwe moja lilimupiga Denis usoni, likavunja miwani yake, na jicho la kuume likaharibika kabisa. Wakalitoa, akawekewa jicho la kioo. Kwa muda wote uliobaki wa maisha yake aliona kwa jicho moja, na kwa jicho hilo moja alipasua maelfu ya wagonjwa.

Katika chuo kikuu cha Trinity, Dublin, alianza kusoma uinjinia kama baba. Huko alikutana na kikundi cha wanafunzi wa kikristo waliokuwa wanasali pamoja, imani yake ikawaka, na aliona Mungu anamuita kuwa munganga. Akabadilisha masomo. Mwaka 1935 akapata diploma ya uganga, na mwaka 1938 akakubaliwa kuwa munganga wa upasuaji kule Edinburgh. Aliomba kazi ya serikali katika Afrika, wakamukatalia: munganga wa jicho moja atatufaa nini? Ilikuja vita ya pili ya dunia, na jeshi la Uingereza, lenye lilihitaji waganga, halikuuliza sana habari ya jicho. Likamuleta Afrika ya Mashariki, kiisha likamupeleka Asia. Wakati wa mapumziko alipita Uganda, akaipenda. Mwaka 1943 alimuoa Olive Rogers, aliyekuwa amesomea kazi ya nesi. Walipata wasichana watatu.

Vita ilipokwisha, mwaka 1946, wakubwa wa koloni wakamukubali. Wakamutuma Lira, kule Lango, kaskazini ya Uganda. Alikuwa munganga wa kila kitu: kuzalisha, kupasua, kutibu homa, kuhesabu dawa. Kulikuwa na wanaume wengi waliokuja kupasuliwa busha. Burkitt akaona kitu kimoja ambacho mutu mwingine angekipita tu: wengi walitoka upande wa mashariki ya wilaya, wa magharibi walikuwa wachache sana. Akaanza kumuuliza kila mutu kijiji chake na kuandika. Akaunganisha jambo hilo na minyoo midogo inayobebwa na mbu. Mwaka 1951 alilitangaza katika jarida la waganga. Ni ile ile kazi ya baba na ndege wake.

Mwaka 1948 alihamia Kampala, hospitali ya Mulago. Na huko, mwaka 1957, munganga mwenzake wa watoto, Hugh Trowell, alimuita aje kuangalia mutoto. Alikuwa kijana wa miaka 5, taya zake zimevimba pande zote nne, juu na chini, kuume na kushoto. Burkitt hakuwa ameona kitu kama hicho. Kama ni usaha, unakaa upande mumoja. Kama ni kansere, nayo inaanzia pahali pamoja. Hii ilikuwaje pande nne kwa mara moja? Akamupiga picha, akaandika, akashindwa kumusaidia.

Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, anamaliza kutembelea wagonjwa. Akatupa jicho dirishani. Inje kwenye majani alikuwa amekaa mama na mutoto, na uso wa mutoto ulikuwa ule ule. Akaacha alichokuwa anafanya, akatoka mbio. Akamupima mutoto na kukuta kwamba si taya peke yake: hata ndani ya tumbo kulikuwa uvimbe. Alirudi Kampala akafungua vitabu vyote vya Mulago. Humo akakuta watoto wengi wenye uvimbe wa taya, na wengi wao walikuwa pia na uvimbe wa figo, wa ini, wa mayai ya uzazi kwa wasichana. Waganga wa mbele yake walikuwa wameandika kila uvimbe kwa jina lake, kama magonjwa kumi tofauti. Yeye akasema ni ugonjwa mumoja. Mwaka 1958 aliandika habari yake katika jarida la waganga wa upasuaji wa Uingereza, na karibu hakuna aliyeijali.

Hapa niseme jambo moja. Ugonjwa unaitwa kwa jina lake, lakini si yeye wa kwanza kuuona. Albert Cook, munganga wa misheni ya Mengo, alikuwa ameshaona watoto wenye taya kama hizo mwanzoni mwa karne ya 20, na habari zao zilikuwa zimelala katika vitabu vyake vya hospitali. Na mbele ya Cook, ni mama ngapi walikuwa wameuona, bila jarida la kuandikia? Kazi ya Burkitt ilikuwa ingine: aliunganisha vipande. Na wenzake wa maabara kule Kampala, kama Jack Davies aliyekuwa anaandikisha kansere zote za muji, na Mwamerika Gregory O'Conor, njo walionyesha kwa darubini kwamba ni limfoma, kansere ya zile chembe nyeupe za damu zenye kazi ya kulinda mwili. Haikuwa kansere ya mufupa wala ya jino.

Kiisha akarudi kwenye ramani. Alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa mamia ya hospitali za Afrika: je, kwenu iko? Majibu yalipokuja, alichoma pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani katika ofisi yake. Ukajitokeza kama mukanda mupana katikati ya Afrika, wenye mukia unaoshuka kusini kandokando ya bahari ya Hindi. Ugonjwa uko huku, kule hauko. Mupaka unapita wapi, na kwa nini?

Barua hazikutosha. Tarehe 7/10/1961 alitoka Kampala na wenzake wawili. Mumoja alikuwa Ted Williams, munganga wa hospitali ya Kuluva kule West Nile, karibu kabisa na mupaka wetu wa Aru, aliyejua pia kutengeneza motokari. Wa pili ni Cliff Nelson, munganga kutoka Kanada. Walikuwa na Ford ya mwaka 1954, iliyonunuliwa kwa pauni 250. Walipita Kenya, Tanganyika, Nyasaland, Msumbiji, Rhodesia, hadi Afrika Kusini, na kurudi. Wiki 10, kilometa 16,000, hospitali zaidi ya 50. Kila hospitali waliuliza jambo moja, wakaonyesha picha, wakaandika. Safari nzima iligharimu pauni 678. Siku hizi kuna semina ya siku mbili hotelini inayokula zaidi ya hiyo, na hakuna ramani inayotoka.

Waliporudi, ilionekana kwanza ni habari ya urefu wa inchi. Karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500, ugonjwa unapotea. Lakini kadiri ulivyoshuka kusini, mupaka ule nao ulishuka chini zaidi. Alexander Haddow, mutaalamu wa mbu na virusi kule Entebbe, aliangalia ramani akaelewa: si urefu, ni joto. Mahali ambapo baridi ya usiku inashuka chini ya digrii 16 hivi, ugonjwa hauko. Walipoongeza mvua, ikaonekana kwamba unataka pia angalau sentimita 50 za mvua kwa mwaka. Joto na maji: hiyo ni nyumba ya mbu.

Sasa musomaji wa Uvira, simama Mulongwe asubuhi ukiangalia magharibi. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari. Milima yenye iko mugongoni mwetu inapita mita 3,000. Kwa kipimo cha Burkitt, mutoto wa Kalundu, wa Kiliba, wa Sange, wa Luvungi, wa Makobola ao wa Baraka anaishi ndani ya mukanda. Mutoto wa kule juu Minembwe, mahali ambapo watu wanalala na blanketi mbili, anaishi inje yake. Ni familia moja pengine, wengine wamebaki na ng'ombe mulimani, wengine wameshuka bondeni, na hatari haiko sawa. Hata Burundi ni vile: milima ya juu ni kitu kingine, bonde la Ruzizi kitu kingine.

Mwanzoni walifikiri mbu anabeba virusi vya kansere na kuvipanda ndani ya mutoto. Haikuwa hivyo, ukweli ulikuja kwa njia ya kuzunguka. Machi 1961 Burkitt alikuwa amefundisha katika hospitali ya Middlesex, London. Ndani ya watu wachache waliosikiliza alikuwa Anthony Epstein, kijana mutafiti wa virusi vya kuku. Akaomba atumiwe vipande vya uvimbe. Vikaanza kusafiri kwa ndege kutoka Kampala. Miaka zaidi ya miwili Epstein alitafuta bila kuona kitu. Mwisho wa mwaka 1963 ukungu ulifunika London, ndege ikapelekwa Manchester, kifurushi kikachelewa. Kilipofika, maji ndani ya chupa yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Mwingine angeyamwaga. Epstein aliyaangalia kwa darubini akakuta ni chembe za kansere zenyewe, ziko hai, zinaelea. Akazikuza, na mwaka 1964, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, aliona virusi ndani yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dunia kuona virusi vyenye kuhusika na kansere ya binadamu. Vinaitwa Epstein-Barr.

Lakini ikaonekana kwamba karibu watu wote duniani wanavyo, na vinapita kwa mate, si kwa mbu. Basi mbu alikuwa anafanya nini? Jibu lilikuwa malaria. Pahali ambapo malaria inamupiga mutoto mwaka muzima, mwaka baada ya mwaka, ulinzi wa mwili unachoka na unashindwa kuzuia zile chembe zenye virusi. Burkitt alionyesha Unguja na Pemba: joto liko, mvua iko, lakini malaria ilikuwa imepigwa vita huko, na ugonjwa haukuonekana. Miaka ya 1970, watafiti walipima damu ya watoto karibu 42,000 kule West Nile, kiisha wakangoja kuona nani atapata uvimbe. Wale walioupata walikuwa na alama nyingi za virusi hivyo katika damu hata mbele ya kugonjwa. Kwa hiyo chandarua, ile tunaita mustikere, inayogeuzwa mara nyingine kuwa wavu wa ndagala huku kwetu, inamulinda mutoto na homa na pengine na kitu kingine zaidi.

Tuje kwa matibabu, maana hapo njo kuna uchungu wote.

Burkitt alikuwa munganga wa kisu. Alikata nusu ya taya za watoto, na baada ya wiki chache uvimbe ulirudi. Alieleza mwenyewe katika maandiko yake kwamba upasuaji wa namna hiyo uliharibu uso bila kuokoa maisha. Mionzi nayo Uganda hawakuwa nayo. Na mimi nikifika hapa sikosi kukumbuka Shinkolobwe, kule Katanga: tangu mwaka 1922 mawe ya huko yalipelekwa Ubelgiji kutolewa radiumu, na hospitali za Ulaya zikatibu kansere kwa radiumu yenye ilitoka katika udongo wetu. Miaka 40 baadaye, Kampala, kilometa si nyingi kutoka mupaka wetu, munganga hakuwa na mashine hata moja ya mionzi.

Lakini hata angekuwa nayo, isingemaliza kazi. Huko Nairobi, Peter Clifford, munganga wa masikio, pua na koo, pamoja na wenzake wa Sweden, walijaribu mionzi kwa uvimbe huu. Ukipiga mara moja kwa siku, kama ilivyo desturi, uvimbe unapungua na kurudi, sababu chembe zilizobaki zinazaliana usiku kucha, mpaka kesho yake zimejaza tena pengo. Walipogawanya mionzi kuwa mara tatu kwa siku, ilifanya kazi vizuri zaidi. Hata hivyo mionzi inapiga pale inapoelekezwa tu. Kansere yenye iko taya, tumbo na pengine ubongo kwa wakati mumoja, utaielekeza wapi?

Ilibaki dawa. Mwaka 1960 waganga wa New York, Joseph Burchenal na wenzake, walitafuta mahali pa kujaribu dawa mpya za kansere pasipo kuwa mugonjwa amekwisha kupigwa mionzi. Afrika ya Mashariki ilifaa, kwa ubaya ao kwa uzuri. Nairobi, Clifford alianza na metotreksate. Burkitt naye akapata, kiisha siklofosfamide na vinkristine. Mambo yaliyofuata yaliwashangaza wote: mutoto aliyekuja na uso kama chungu, baada ya sindano moja ao mbili na siku chache, uso ulirudi. Kuna wazazi waliochukua mutoto wao nyumbani baada ya dozi ya kwanza, walipoona amepona, ao nauli ilipokwisha. Waganga waliwahesabu kama wamekufa. Burkitt aliwatafuta vijijini miaka baadaye, na baadhi yao aliwakuta wazima. Kwa kansere, wakati ule, neno kupona lilikuwa halitamukwi kwa dawa peke yake.

Tusifunike kitu. Watoto hawa walipewa dawa ambazo dunia ilikuwa bado inazijifunzia, na sidhani kila mama alielezwa vema alichokubali. Watoto wa inchi tajiri walifaidika na matokeo haya: leo huko wanapona zaidi ya 9 kwa 10. Afrika, ambako yalianzia, bado wengi wanakufa, kwa kuwa wanafika wamechelewa, dawa zinakatika, ao familia inashindwa kubaki hospitali. Burkitt mwenyewe hakutajirika. Lakini haki ni haki.

Na ikirudi? Swali hilo lilipata jibu Kampala. Mwaka 1967 kilifunguliwa pale Mulago kituo cha kutibu limfoma, kilichozaa taasisi ya kansere ya Uganda, chini ya Mwamerika John Ziegler. Mwaka 1972, siku za Idi Amin, wageni walipoondoka, Muganda Charles Olweny aliishika akaendelea, na dawa chache, na hofu inje. Kwa kufuata watoto mwaka kwa mwaka, waliona kwamba kurudi kuko kwa namna mbili. Ugonjwa ukirudi upesi, ndani ya miezi mitatu hivi, mara nyingi ni zile zile chembe zilizozoea dawa, na mara nyingi zinajificha katika ubongo na uti wa mugongo, mahali ambapo dawa ya mushipa haifiki vema. Njo maana walianza kutia dawa mugongoni pia. Ukirudi kwa kuchelewa, ni kama ugonjwa mupya: dawa ile ile inaweza kuufukuza tena, na kuna watoto waliopona mara ya pili. Kwa hiyo muzazi mwenye mutoto wake amerudiwa na uvimbe asikubali kuambiwa moja kwa moja kwamba imekwisha. Aulize: ulirudi baada ya muda gani, na dawa gani zilitumika mbele?

Virusi vya Epstein-Barr vinahusika pia na kansere ya watu wakubwa, ile inayokaa nyuma ya pua, juu ya koo. Damu inatoka puani, sikio moja linaziba, shingo inavimba pembeni bila maumivu. Hii ni tofauti na ya watoto: yenyewe mionzi inaiweza, na mionzi njo matibabu yake makubwa. Ubaya ni pale inaporudi baada ya mionzi. Nyama na mifupa ya kichwa ina kumbukumbu: mionzi iliyokwisha kupita haitoki katika hesabu. Ukirudia dozi kubwa pahali pale pale, mufupa wa taya unaweza kufa, mudomo kukauka na kukataa kufunguka, mishipa ya damu kupasuka. Kwa hiyo waganga wanapima: kama uvimbe uliorudi ni mudogo, wanaweza kuukata, kama wakati mrefu umepita, wanaweza kurudia mionzi kwa kuelekeza pembamba sana, kama umetawanyika, wanatumia dawa za mushipa kuupunguza na kutuliza maumivu. Mugonjwa anayesafiri kwenda kwa munganga mwingine abebe karatasi zake zote za mionzi ya kwanza: wapi ilipigwa, kwa kiasi gani, tarehe gani. Bila karatasi hizo munganga mupya anapiga gizani.

Mashine za mionzi sasa ziko Kampala, na Kigali tangu mwaka 2019. Ya Kampala iliharibika mwaka 2016, wagonjwa wakabaki bila hadi walipopata ingine. Dawa za limfoma ya watoto zinatolewa Kampala, Butaro kule Rwanda, na Mwanza. Kutoka kwetu hakuna hata pamoja palipo karibu, na barabara munaijua. Lakini hatua ya kwanza haiombi mashine: ni kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukituma kipimwe, mbele ya kung'oa jino la pili.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Akiwa London alianza maisha mengine kabisa, na huko Ulaya wengi wanamujua kwa hayo kuliko kwa taya za watoto. Alijiuliza: kwa nini katika miaka 20 Uganda hakuona karibu kamwe kansere ya utumbo mukubwa, wala ugonjwa wa kidole tumbo, ambavyo Uingereza viko kila siku? Akaandikia tena hospitali za misheni, akarudia kazi ya ramani. Akapima hata mavi, bila haya. Mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, Mwingereza gramu 100 hivi. Sababu, alisema, ni nyuzinyuzi za chakula: maharagi, muhindi usiokobolewa, majani, viazi. Ukila sombe na maharagi, utumbo unafanya kazi. Ukila mukate mweupe na sukari, unalala. Kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya chakula chenye nyuzinyuzi kilisomwa inchi nyingi. Si kila alichosema kilithibitika, alipenda kurudisha magonjwa mengi kwa sababu moja, lakini juu ya utumbo mukubwa watafiti wengi wako upande wake hadi leo. Sisi tuliokuwa na bugali ya muhindi wa kusaga na majani, sasa mukate mweupe ukiwa njo heshima ya mezani, tuna la kufikiri pale.

Alipewa heshima nyingi, tuzo ya Lasker mwaka 1972 kwa ajili ya dawa za limfoma, na mwaka ule ule akaingia katika chuo cha wataalamu wakubwa wa Uingereza, kile kinachoitwa Royal Society. Aliendelea kuzunguka dunia akisema na waganga, na hakuacha kusali. Alikufa tarehe 23/3/1993 huko Gloucester, kwa ugonjwa wa mishipa ya ubongo, akiwa na miaka 82. Alizikwa Bisley. Epstein, yule aliyekataa kumwaga maji machafu ya chupa, aliishi hadi Februari 2024, miaka 102.